Mizabibu ya mchangani kwenye delta ya Po: je, mvinyo huu umeharibika?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mwalimu, naishi Kibiti. Mdogo wangu anafanya kazi za mashambani Italia, upande wa Ferrara, karibu kabisa na bahari, pale mto Po unapomwaga maji yake. Alipokuja likizo aliniletea chupa mbili za mvinyo mwekundu zilizoandikwa Bosco Eliceo Fortana. Tulifungua moja. Ulitoa povu la rangi ya zambarau, ukatukata ulimi, na kwa mbali ulikuwa kama una chumvi. Wageni wakasema umechacha. Je, umeharibika? Halafu mdogo wangu anasema mizabibu yenyewe imeota kwenye mchanga mtupu kama wa ufukweni, na wala haijabebeshwa juu ya shina la mzabibu wa aina nyingine. Kama ni hivyo, kitu gani kinatuzuia sisi wa delta ya Rufiji tusipande? Ameahidi kuniletea pingili.

Jibu: Marahaba, Mwalimu. Nianze na chupa, kwa sababu moja bado unayo na sipendi uimwage. Mvinyo huo haujaharibika. Fortana ndivyo ilivyo: chachu, haina sukari, ina ukakasi na gesi kidogo, na ukishameza hubakiza chumvi ya mbali kwenye ulimi. Mvinyo ulioharibika utaujua kwa pua kabla haujafika mdomoni. Hunuka siki, au ile harufu kali ya dawa ya kufutia rangi ya kucha. Fortana nzima hunukia matunda. Mimi hunijia forosadi zilizoiva, na nyuma yake harufu ya majani makavu ya msituni baada ya mvua. Kama ndivyo ilivyokuwa ya kwenu, wageni wako walikutana na kitu wasichokizoea, basi.

Watu wa Kibiti mnaujua ukakasi kuliko wengi, maana mmekulia chini ya mikorosho. Ukiuma bibo, mdomo wote hukauka na ulimi ukawa kama umepakwa vumbi. Kinachofanya kazi hiyo ni tanini, na tanini hiyo hiyo imo kwenye ganda na mbegu za zabibu nyekundu. Fortana ni jina la zabibu yenyewe pia; ina ganda gumu, na huchelewa sana kuiva. Zabibu aina ya Merlot ya shamba la jirani inakuwa imeshavunwa na kukamuliwa, Fortana bado inaning'inia mtini hadi mwisho wa Septemba, pengine Oktoba. Na hata ikiiva uchachu wake hauishi. Sukari haipandi sana, kwa hiyo kilevi huwa kidogo, asilimia 10 au 11 hivi. Ni mvinyo mwepesi wenye makali.

Gesi nayo ina historia yake. Zamani mavuno yalichelewa, baridi ikaingia kabla hamira haijamaliza sukari yote. Kazi ikalala majira yote ya baridi, na joto liliporudi hamira ikaamka na kuendelea pale ilipoachia. Gesi iliyotoka safari hiyo haikuwa na pa kwenda. Leo wengi wanaifanya kwa makusudi ndani ya matangi ya chuma yaliyofungwa, na wachache bado huacha mvinyo uchachuke mara ya pili ndani ya chupa yenyewe. Ukikuta mashapo chini ya chupa yako ya pili, usishtuke. Hayo ni mabaki ya hamira.

Sasa tuje kwenye mchanga, na hapa nitakaa, kwa sababu ndiyo roho ya swali lako.

Po ndio mto mrefu kuliko yote Italia, kilomita 652 kutoka mlima Monviso hadi bahari ya Adriatiki. Kama Rufiji, haujawahi kutulia kwenye njia moja. Mwaka 1152 ulivunja kingo zake pale Ficarolo ukahamia kaskazini, na matawi ya zamani yaliyopita Ferrara yakaanza kufa taratibu. Mwaka 1604 Venice, kwa kuogopa udongo wa mto usije ukaziba maji ya mji wao, walimaliza kuchimba mfereji mkubwa pale Porto Viro na kuugeuza mto uelekee kusini zaidi. Tangu hapo delta imezidi kusogea baharini. Kila ufukwe ulioachwa nyuma umebaki kuwa safu ya matuta ya mchanga katikati ya nchi kavu. Ukitoka baharini ukielekea ndani, unapita matuta ya karne hii, halafu ya karne zilizopita, halafu ya zamani zaidi. Abasia ya Pomposa, makao ya kale ya watawa ambayo leo imezungukwa na mashamba, ilijengwa kwenye kisiwa. Wanakwaya wenzangu watapenda kujua kwamba mtawa Guido, yule aliyetuachia mfumo uliozaa do-re-mi, aliishi Pomposa mwanzoni mwa karne ya 11.

Juu ya matuta hayo uliota msitu wa mialoni isiyopukutisha majani, ambayo kwa Kilatini iliitwa ilex. Ndiko lilikotoka jina la kwenye chupa yako: Bosco ni msitu, na Eliceo ni wa mialoni hiyo. Msitu karibu wote umekwisha. Kimebaki kipande cha hekta zipatazo 1,000 pale Mesola, chenye kulungu wekundu wa aina yake, karibu na kasri la kina Este, watawala wa Ferrara waliokuwa wakiwinda humo. Mizabibu imerithi mchanga wa mialoni.

Na mchanga huo ndio ulioiokoa. Miaka ya 1860, mdudu mdogo wa rangi ya manjano, aitwaye filoksera, aliingia kusini mwa Ufaransa pamoja na miche iliyotoka Amerika. Ni mdogo mno, kumwona unahitaji macho makali au lenzi. Anafyonza mizizi, vidonda vinaoza, na mti unakufa kwa kiu wakati maji yapo. Mizabibu ya Amerika ilikuwa imeishi naye muda mrefu na kujenga kinga. Ya Ulaya haikuwa nayo. Italia alionekana kwa mara ya kwanza mwaka 1879. Dawa haikupatikana. Kilichopatikana ni ujanja wa kubebesha: chini shina la Amerika, juu zabibu ya Ulaya. Leo sehemu kubwa ya mashamba ya Ulaya yamesimama juu ya mizizi ya Amerika.

Lakini filoksera ana udhaifu. Anasafiri chini ya ardhi kwa kupita kwenye nyufa, na udongo wa mfinyanzi ukikauka hupasuka, ukampa barabara. Mchanga haupasuki. Kila tundu hujifukia lenyewe, na mdudu hawezi kutoka mzizi huu kwenda mwingine. Ndiyo maana mizabibu ya Ulaya yenye mizizi yake yenyewe imebaki sehemu chache za mchanga: Colares kule Ureno, Camargue kwenye delta ya Rhône, na hapa kwenye matuta ya Po.

Niliona jambo hili kwa macho katika shamba moja si mbali na Pomposa. Mwenye shamba, mzee wa makamo, alipiga magoti chini ya mzabibu akaanza kuchimba kwa mkono, bila jembe. Mchanga wa juu ulikuwa wa kijivu, mkavu, unateleza vidoleni. Kina cha kiganja ulianza kuwa na ubaridi. Alipofika kwenye kiwiko ulikuwa na unyevu na kushikana. Mzizi ulikuwa mnene kama kidole gumba, wa kahawia, msafi kabisa, hauna uvimbe wala kovu. Aliufuata kwenda chini mpaka bega lake likagusa ardhi, na mzizi bado ulikuwa unaendelea. Halafu akanionyesha mzabibu wa jirani. Ule ulikuwa mtoto wa huu: mti mmoja ulikufa, akachukua tawi refu la uliokuwa karibu, akalilaza chini, akalifukia kwa mchanga na kuacha ncha nje. Baada ya misimu miwili likawa na mizizi yake, akalikata kutoka kwa mama. Kwenye shamba lililobebeshwa ujanja huo ni hatari, kwa sababu mizizi mipya inakuwa ya Ulaya na filoksera anaisubiri. Kwenye mchanga hauna tatizo.

Swali lako lingine, ambalo hukuliuliza ila nalisikia: mti unakunywa nini kwenye mchanga ulio karibu hivyo na bahari? Hapa ninyi watu wa pwani mtanielewa haraka kuliko mkulima wa bara. Visima vyenu vya karibu na ufuko vina maji matamu juu. Ukichota kwa adabu, kisima kinakutunza mwaka mzima. Ukifunga pampu na kuvuta kwa pupa, siku chache tu maji yanaanza kuwa ya magadi. Sababu ni kwamba maji ya mvua ni mepesi kuliko ya bahari, kwa hiyo yanaelea juu yake ndani ya mchanga kama mafuta juu ya mchuzi. Tuta linapokuwa juu, hazina hiyo ya maji matamu huwa nene. Mizabibu ya Bosco Eliceo inakunywa kwenye hazina hiyo, na mizizi inaposhuka zaidi inagusa maji yenye chumvi kidogo. Ongeza upepo wa bahari unaopaka vishada chumvi. Ile ladha ya mbali uliyoipata kwenye ulimi, wakulima wa kule wanaihesabu kuwa sahihi ya shamba lao, na mimi nakubaliana nao.

Hazina hiyo iko hatarini, na jambo hili linaniuma. Katikati ya karne iliyopita watu walivuta maji yenye gesi ya methani kutoka chini ya delta, na ardhi ikadidimia, sehemu nyingine zaidi ya mita 2, hadi kazi hiyo ilipopigwa marufuku mwanzoni mwa miaka ya 1960. Sehemu kubwa ya nchi hiyo sasa iko chini ya usawa wa bahari, na pampu zinafanya kazi mchana na usiku ili isizame. Matuta mengi yalisawazishwa kwa ajili ya mashamba na nyumba za watalii. Mwaka 2022, ukame mkali kuliko wote katika miaka 70 ulipoupiga mto Po, maji ya bahari yalipanda mtoni kwa zaidi ya kilomita 30. Mpunga na mboga viliungua. Watu wa delta yoyote duniani wanajua kitisho hicho kinafananaje: unafungua mfereji wa kumwagilia, unaonja kwa kidole, halafu unaufunga tena.

Kuhusu zabibu zenyewe. Fortana kule inaitwa pia Uva d'Oro, yaani zabibu ya dhahabu, ingawa ni nyeusi tii. Hadithi inayosimuliwa kila meza ni kwamba Renata, binti wa mfalme Louis wa 12 wa Ufaransa, alipoolewa na Ercole wa pili wa Este mwaka 1528 alikuja nayo kutoka Burgundy, kwenye vilima viitwavyo Côte d'Or, na ndipo jina "d'Oro" likazaliwa. Ndoa ni ya kweli na mwaka ni wa kweli. Zabibu siiamini sana: Burgundy ni nchi ya Pinot Noir, ambayo huwahi kuiva na haifanani na Fortana kwa ladha wala kwa tabia. Ila hadithi inaonyesha jinsi watu wa mabwawani, waliodharauliwa na kuuawa na malaria kwa karne nyingi, walivyotaka kitu chao kiwe na ukoo wa kifalme. Zabibu nyingine za eneo hilo nizipitie haraka: Merlot kwa mvinyo mwekundu, na kwa mweupe kuna Sauvignon, pamoja na mchanganyiko ambao nguzo yake ni Trebbiano Romagnolo, ikiongezewa Sauvignon au Malvasia. Eneo lilipata hadhi ya DOC, yaani jina linalolindwa na sheria, mwaka 1989. Linaanzia Goro na Mesola, linapita Comacchio, na kushuka hadi mkoa wa Ravenna. Ni dogo, na chupa nyingi huishia kwenye migahawa ya hapo hapo. Mdogo wako amekuletea kitu adimu.

Na ili uelewe kwa nini hawaupunguzi makali, lazima ujue wanakula nini. Chakula kikuu cha Comacchio ni mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka, na mkunga wa kule amejaa mafuta. Wakati wa majira ya kupukutika majani, usiku wa giza wenye tufani, mikunga waliokomaa huanza safari ya kurudi bahari ya Sargasso kwenda kuzaa. Wavuvi huwasubiri kwa mitego inayoitwa lavoriero: kuta mbili zinazokutana kwa pembe kama herufi V, samaki anaingia kwa upana na kuishia chumba chembamba asichoweza kutokea. Babu zenu wa Rufiji wasingehitaji maelezo, wangesema huo ni wando. Mkunga huchanwa, hutungwa kwenye vijiti virefu vya chuma, huokwa mbele ya meko ya kuni hadi mafuta yadondoke na kuwaka, halafu mwingine huhifadhiwa kwenye siki, chumvi na majani ya mbei.

Nilikaa kwenye meza ya aina hiyo jioni moja ya Novemba, ukungu umefunika dirisha. Kipande cha kwanza cha mkunga kilikuwa kitamu mno, cha pili kizito, na cha tatu nilikiona kama mlima. Ndipo nikanywa Fortana ya baridi. Uchachu ulikata mafuta, ukakasi ukafuta kilichobaki kwenye fizi, mapovu yakasafisha koo, na mdomo ukawa mpya. Nikala cha tatu, na cha nne. Mwalimu, ninyi mlionja mvinyo huo peke yake, sebuleni, wageni wameshika glasi. Ni kama kumpa mtu achali ya ndimu bila wali wala maharage, halafu umuulize kama ni tamu.

Sasa Rufiji. Nakujibu kwa moyo mweupe: usipande mizabibu ya mvinyo huko. Kinachokosekana si mchanga, ni usingizi. Mzabibu ni mti unaotaka kulala. Kule Po, Novemba majani yanadondoka, baridi inafika hadi kuganda, na mti unakuwa kama kuni kavu hadi Machi. Ukiamka, macho yote yanachipua pamoja, maua yanatoka pamoja, na vishada vinaiva pamoja. Kwenye joto la Kibiti mti haulali. Utachipua tawi hili leo, lile mwezi ujao, na utavuna punje mbivu na mbichi kwenye kishada kimoja. Baya zaidi ni unyevu. Mna vuli na masika, na katikati yake hewa ya bahari na mikoko ina maji ya kutosha kuotesha ukungu kwenye viatu kabatini. Ubwiri unga na ubwiri vinyoya vitamaliza majani kabla hujajua umepanda nini, na utakuwa mtumwa wa bomba la dawa. Mzabibu mmoja wa kivuli uani, sawa, upande na watoto wafurahi. Shamba la biashara, hapana.

Utaniuliza, mbona Dodoma inawezekana, na Dodoma haina baridi ya kugandisha? Kwa sababu Dodoma ina kiangazi. Mvua ya mwaka ni karibu milimita 600, na delta ya Po inapata kiasi kinachokaribia hicho hicho; ila Dodoma inaimwaga yote kati ya Desemba na Aprili, kisha inafunga bomba. Ukavu unachukua nafasi ya baridi. Mkulima naye anaongeza la kwake: anapogoa kwa nguvu, anaondoa majani, na kuulazimisha mti uanze upya kwa wakati anaoutaka yeye. Ndivyo wanavyopata mavuno mawili kwa mwaka, kitu ambacho mkulima wa Pomposa akikisikia anatoa macho. Tangu wamisionari wa Kikatoliki walipopanda mizabibu Bihawana miaka ya 1950, ujuzi huo umejengwa na wakulima wenyewe pamoja na watafiti wa kituo cha zabibu cha Makutupora, hapo hapo Dodoma. Ukitaka kujifunza zabibu, panda basi uende Makutupora. Utarudi na mengi kuliko utakayoyapata kwenye barua yangu hii.

Limebaki la pingili, na hapa nakuomba kama ndugu. Mwambie mdogo wako asizibebe. Najua itakuwa zawadi ya upendo, fimbo tano zimefungwa kwenye gazeti lenye unyevu, zimelala katikati ya nguo. Filoksera alivuka bahari kwa njia hiyo hiyo. Jike lake hutaga yai la majira ya baridi chini ya gome, mahali ambapo jicho halifiki. Na zaidi ya filoksera, kaskazini mwa Italia kuna ugonjwa wa umanjano unaoitwa flavescence dorée, ambao husafiri ndani ya utomvu wa pingili. Huwezi kuuosha, na tawi lililokatwa jana huonekana zima kabisa. Wenye mizabibu Dodoma wengi ni wakulima wadogo, shamba moja ndilo ada ya shule na dawa za mama. Mmea wowote kutoka nje unapaswa kupata kwanza kibali cha Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu na cheti cha afya cha nchi ulikotoka. Hata vikipatikana vyote, pingili za Fortana zinazotafuta baridi zitakuwa zimekuja Kibiti kuteseka.

Chupa iliyobaki ilaze kwenye friji saa moja kabla ya chakula, isiwe ya baridi ya kutoa jasho, iwe ya kupoa tu. Tafuta kambale wa Rufiji, yule mnene wa kubanikwa ambaye mafuta yake yanachuruzika kwenye mkaa. Msimchemshe, msimtie nazi. Chumvi na ndimu vinatosha. Waite wageni wale wale, wape samaki kwanza, na msimimine mvinyo hadi kila mtu awe amekula kipande cha pili.